Shahada si kinga: kuwafunza vijana wetu (na sisi wenyewe) kuuliza "nani kasema?"



Makala hii nimeiahirisha muda mrefu kwa sababu inaanza na kosa langu mwenyewe. Lakini nikisubiri mpaka nione raha ya kulieleza, sitoliandika kamwe. Kwa hivyo naomba mnistahamilie.

Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa korona, sote tulikuwa tumefungiwa majumbani hapa Uingereza. Kundi letu la ukoo la WhatsApp lina watu Unguja, Mombasa, Muscat, Dubai, Toronto na huku kwetu, na siku zile lilikuwa halilali. Ikaja sauti iliyorekodiwa. Kiswahili safi, mtu mzima anazungumza kwa utulivu, anasema yeye ni daktari na kwamba kujifukiza kwa maji yaliyochemka mara tatu kwa siku kunaua virusi kooni kabla havijateremka mapafuni. Niliisikiliza mpaka mwisho na nikaipenda. Nikampelekea mdogo wangu wa kike anaekaa mji mwengine, na nikaongeza maneno yangu: "Hii muhimu, wafanyie na watoto."

Siku ya pili yake mwanawe wa miaka 13 alikaa kitandani amejifunika taulo, bakuli la maji ya moto liko juu ya mapaja. Bakuli likapinduka. Alilazwa hospitali, na alama anayo mpaka leo.

Nilipompigia simu mdogo wangu kuomba radhi, hakunigombeza. Alisema: "Kaka, mie sikuuliza kitu. Wewe ndo msomi wetu. Ingetoka kwa mwengine ningeuliza."

Maneno hayo yameniuma kuliko lau angenitukana. Na jioni ile binti yangu, wakati huo ana miaka 15, akaniuliza suali moja tu: "Baba, huyo daktari jina lake nani?" Nikaifungua tena ile sauti. Hakutaja jina, wala hospitali, wala nchi. Nikauliza kundi zima, hapana aliyemjua. Juu ya ujumbe kulikuwa na mishale miwili midogo, ambayo mie sikupata hata kujua maana yake. Binti yangu alijua: ni alama ya WhatsApp ya ujumbe uliopita mikono mingi. Mwezi ule ule wa Aprili 2020 WhatsApp walipunguza kasi ya ujumbe wa aina hiyo, ukawa unaweza kuupeleka kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa mara moja. Kwangu mie mmoja alitosha.

Baadae nilikuja kusoma kwamba madaktari wa hospitali ya watoto ya Birmingham waliandika katika jarida la The Lancet, mwaka huo huo wa 2020, juu ya ongezeko kubwa la watoto walioungua kwa maji ya kujifukiza. Kwa hivyo mpwa wangu hakuwa peke yake, na mie sikuwa mjinga peke yangu. Lakini hilo halinipunguzii kitu.

Tangu hapo suali linalonishughulisha ni hili: vipi mtu aliyefunzwa miaka na miaka kupima ushahidi, akaandika tasnifu yenye tanbihi mia tano, anashindwa na sauti ya dakika tatu? Na kama mie nimeshindwa, nawafunza nini vijana?

Wenzetu waliofanya utafiti

Jawabu nimeipata kwa watu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Sam Wineburg, profesa aliyetumia umri wake kuchunguza vipi wanahistoria wanasoma nyaraka, pamoja na mwenzake Sarah McGrew, waliandika mwaka 2017 juu ya jaribio waliolifanya kwa watu 45. Walikuwamo wanahistoria 10 wenye shahada za udaktari, wanafunzi 25 wa Stanford penyewe, na watu 10 ambao kazi yao ni kuhakiki taarifa kwenye magazeti na mashirika ya habari. Wote wakawekwa mbele ya kompyuta na kuonyeshwa tovuti, waseme ipi ya kuaminika.

Katika mtihani mmoja walionyeshwa tovuti mbili za madaktari wa watoto. Moja ni ya American Academy of Pediatrics, jumuiya iliyoanzishwa 1930, yenye wanachama zaidi ya 60,000. Ya pili ni ya American College of Pediatricians, kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002, chenye wanachama mia kadhaa tu. Majina yanafanana, na tovuti zote mbili ni nadhifu. Wahakiki wote 10 walifahamu upesi tafauti yao. Wanahistoria wengi walisitasita, wakaona zote mbili ni sawa. Wanafunzi walio wengi wakachagua ile ya kikundi kidogo.

Wahakiki wale hawakuwa na akili zaidi. Tafauti ilikuwa kwenye macho na vidole. Mwanahistoria akifunguliwa ukurasa, anausoma: anatizama kichwa cha khabari, lugha, tanbihi, nembo, anapanda na kushuka. Ndivyo tulivyofunzwa, kusoma kwa makini. Mhakiki haonyeshi heshima hiyo. Anatupia jicho mara moja, kisha ANATOKA. Anafungua kurasa nyengine pembeni, anatafuta watu wengine wanasema nini juu ya hao wenye tovuti, na anarudi kusoma baadae, kama ataona pana haja. Wineburg na McGrew wameuita huo usomaji wa pembeni.

Nilipolisoma hilo niliiona sura yangu na simu mkononi. Mie niliisikiliza ile sauti kwa makini mno! Nilipima lugha, utulivu, mpangilio wa hoja. Nilifanya kila nilichofunzwa, na kila nilichokipima ni kitu ambacho mwongo anaweza kukitengeneza. Kile asichoweza kukitengeneza, yaani watu wengine wanamjua vipi, sikukiuliza.

Na vijana je? Kundi hilo hilo la Stanford liliwajaribu wanafunzi 3,446 wa skuli za sekondari za Marekani baina ya 2018 na 2019. Waliwaonyesha video isiyo wazi iliyodai kuonyesha wizi wa kura katika uchaguzi wa awali wa chama cha Democrat wa 2016. Video yenyewe ilipigwa Urusi. Zaidi ya nusu ya wanafunzi walisema huo ni ushahidi madhubuti. Walioruhusiwa kutumia intaneti kuitafuta asili yake ni wote, na walioipata ni watatu tu. Hawa ndio tunaowaita "watoto waliozaliwa na simu mkononi". Kujua kubonyeza ni kitu kimoja, na kujua nani anakuzungumzisha ni kitu chengine.

Orodha za zamani zimechakaa

Wengi wetu, tukitaka kuwaonya watoto, tunawapa zile nasaha za miaka ya mwanzo ya intaneti: tizama kama pana makosa ya tahajia, tizama kama pana anwani, angalia kama mwisho wa jina la tovuti pameandikwa "org". Hizo zilikuwa na maana siku ambazo kutengeneza tovuti nzuri kulikuwa na gharama. Leo tovuti nadhifu inatengenezwa mchana mmoja, na jina lenye "org" analinunua yeyote mwenye kadi ya benki. Orodha hizo zote zinamwambia kijana jambo moja: kaa hapo hapo kwenye ukurasa uuchunguze. Na huo ndio mtego wenyewe.

Mike Caulfield, mwalimu wa Kimarekani, mwaka 2019 alizipunguza nasaha zote zikawa hatua nne, nami nazieleza kwa maneno yangu:

1. Simama. Khasa khabari ikikughadhibisha, ikikutisha, au ikikufurahisha kupita kiasi.
2. Mjue mwenye maneno kabla hujayasoma maneno yake.
3. Tafuta kama wengine wameieleza khabari hiyo hiyo, na vizuri zaidi.
4. Ifuate khabari, picha au nukuu mpaka pale ilipoanzia.

Ukizitizama, hapana hata moja iliyo ngeni kwetu. Sisi tuliopita chuoni tukiwa wadogo tumekuta elimu nzima iliyojengwa juu ya suali la nani kapokea kwa nani, na yule wa kati alikuwa mtu wa namna gani. Na bibi zetu, wasiojua kusoma, ukiwaletea la barazani walikuwa na jawabu moja: "Kakwambia nani?" Sijui sisi wasomi tuliliacha wapi suali hilo.

Ninachokifanya Jumamosi

Nina darasa la Kiswahili la Jumamosi la watoto wa jamii yetu, umri wa miaka 13 mpaka 17. Tangu 2021 nimechukua nusu saa ya kila darasa kwa jambo hili. Nawaeleza mazoezi matatu, mwenye kutaka achukue.

La kwanza, nawapa anwani ya tovuti na dakika mbili, kwa sharti moja: marufuku kuisoma. Watoke, wanitafutie nani mwenyewe, analipwa na nani, na wengine wanamwelezaje. Mara ya kwanza walihangaika, wanabonyeza jawabu la kwanza linalotokea. Kwa hivyo tukaongeza kanuni ya kuzuia kidole: pitia kwanza orodha nzima ya majawabu, soma majina ya wanaosema, kisha ndo ubonyeze. Wikipedia siwakatazi. Nawaambia waitumie kama mlango, wateremke chini kwenye marejeo yake.

La pili, picha. Nachukua picha ya kweli ya mafuriko ya mji mwengine, nawaandikia chini yake "Dubai, Aprili 2024". Mvua ile ya Dubai ilikuwa kweli, wengi wao wana jamaa kule na wanaikumbuka, basi wanaikubali mara moja. Kisha nawaonyesha kuitafuta picha kwa kutumia picha yenyewe, jambo ambalo simu zote za leo zinaweza. Inatokea ilipotoka na mwaka wake. Hapo wanafahamu kitu kikubwa: picha ni ya kweli, mvua ni ya kweli, uongo uko pale vilipounganishwa.

La tatu ni gumu, na ndilo letu khasa: sauti. Khabari za uongo za kwetu aghlabu haziji kwa maandishi, zinakuja kwa sauti, tena za Kiswahili, na sauti huwezi kuitafuta kama picha. Nawafunza kuyaandika madai kwa maneno matano au sita, na kuyatafuta kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Wapo wanaohakiki khabari za kwetu: Africa Check iliyoanzishwa 2012, na PesaCheck ya Afrika ya Mashariki ambayo inaandika pia kwa Kiswahili. Lakini hawawezi kufikia kila sauti inayozunguka makundi ya ukoo. Pasipopatikana kitu, kanuni yetu ni kwamba khabari isiyojulikana mwenyewe hatuipeleki mbele. Hatusemi ni uongo. Tunasema sisi si wapagazi wake.

Kijana mmoja aliniuliza: "Mwalimu, ukitoka kwenye ukurasa mmoja ukaenda mwengine, unajuaje huko ndo kweli?" Nilimwambia hujui kwa hakika. Ila mtu mmoja akikwambia duka limefungwa unaweza kudanganyika, na watu watatu wasiojuana wakikwambia hivo hivo, huendi dukani. Alicheka, lakini naona alifahamu.

Finland, kwa mfano, wameliingiza jambo hili katika mtaala wao tangu 2016, na hawakulifanya somo la kompyuta peke yake. Limesambazwa katika masomo yote. Na huko Lincoln, Nebraska, kundi la Stanford lilifanya jaribio na wanafunzi 499 wa mwaka wa mwisho wa sekondari: masomo sita tu ya dakika 50, katika darasa la uraia. Waliopata masomo hayo wakawazidi wenzao kwa wazi katika kupambanua tovuti. Masomo sita! Hapahitaji wizara wala ruzuku.

Mtoto atamkosoa vipi mkubwa?

Hapa ndipo palipo na tatizo letu wenyewe, ambalo sijaliona katika vitabu vya Wazungu. Nyumbani kwetu khabari inateremka pamoja na heshima. Sauti ikiletwa na ami, au na bibi, kuihoji ni kama kumhoji yeye. Nimewaona watoto wangu wa Jumamosi wakijua wazi kwamba jambo si kweli, na wakanyamaza. Msichana mmoja wa miaka 16 aliniambia alijaribu. Alimwandikia mjomba wake mbele ya kundi zima "This is fake", kwa Kiingereza tena, na akatolewa kundini kwa utovu wa adabu.

Mie siwezi kumwambia mtoto avunje adabu, na siwezi kumwambia anyamaze. Kwa hivyo tumekaa darasani tukatunga maneno. Kwanza, asimkosoe mkubwa mbele za watu, amwandikie peke yake. Pili, aulize, asihukumu: "Bibi, hii umeipata kwa nani? Nataka kuitafuta zaidi." Tatu, alete badala yake, yaani ile khabari iliyo sahihi, kwa Kiswahili, hata kama yeye mwenyewe ndiye wa kuifasiri na kuirekodi kwa sauti yake. Bibi anayepelekewa sauti ya mjukuu wake ataisikiliza kuliko ya daktari asiyemjua. Yule msichana alijaribu tena kwa njia hii, na sasa bibi yake humpelekea yeye kwanza kila kitu kabla ya kukisambaza. Amekuwa mhakiki wa ukoo.

Lakini upande wa pili ni wetu. Mkubwa akikosea aseme amekosea, pale pale alipokosea. Mie niliandika kwenye kundi la ukoo: ile sauti niliyoipeleka haina mwenyewe, mtoto ameungua, naomba radhi. Ilinichukua siku nne kuyaandika maneno hayo. Wako walioona nimejidhalilisha. Vijana waliona jengine: kwamba kurudi nyuma kunawezekana.

Na hili linakwenda mbali kuliko kujifukiza. Kijana akilaghaiwa mtandaoni, akatuma picha asiyopaswa kuituma na sasa anatishiwa atoe fedha, jambo ambalo polisi wa hapa Uingereza walizitahadharisha skuli zote mwaka 2024, atamwambia nani? Hamwambii mzazi ambae kila siku yeye ndiye mwenye haki. Anamwambia yule aliyewahi kumsikia akisema "nimekosea".

Mashine inayojibu

Siku hizi pana akili mnemba, na baadhi ya wazazi wananiambia mazoezi yangu yamepitwa na wakati. Mie naona kinyume chake. Mwaka jana mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliniletea insha nzuri, na katika marejeo yake kaninukuu mie mwenyewe. Jina langu sahihi, jarida lipo kweli, mwaka na kurasa zimeandikwa. Makala yenyewe sijapata kuiandika! Mashine iliitunga. Hakukusudia kunidanganya, yeye mwenyewe kadanganyika, kwa sababu marejeo yalikuwa na SURA ya marejeo.

Ni mtego ule ule wa 2020. Sasa nawafunza vijana kwamba jawabu la mashine ni sauti isiyo na jina: iulize imepata wapi, kisha toka ukahakikishe kwamba hicho inachokitaja kipo na kinasema hivo. Sauti za watu nazo zinaigizwa leo kwa sekunde chache za mfano. Kwa hivyo hata ukiisikia sauti ya baba yako inaomba fedha, kata simu, umpigie kwa nambari unayoijua.

Kupokonya simu?

Najua wengi mtasema dawa ni kuwanyang'anya simu. Serikali nazo zimeelekea huko. Australia ina sheria iliyoanza kutumika tarehe 10 Disemba 2025, inayoyataka makampuni makubwa ya mitandao ya kijamii yawazuie walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti. Uingereza ina sheria yake ya usalama mtandaoni ya 2023, ambayo wajibu wa kuwalinda watoto ulianza kutumika Julai 2025. Sizipingi. Makampuni yamechuma sana kwa watoto wetu na ni haki yabanwe. Lakini WhatsApp, ilikotokea balaa langu, iliachwa nje ya sheria ya Australia ilipoanza. Tena aliyeituma ile sauti hakuwa mtoto wa miaka 15. Alikuwa mtu mzima, mwalimu wa chuo kikuu, na mtoto wa miaka 15 ndiye aliyeuliza suali lililopasa kuulizwa.

Kwa hivyo rai yangu ni ndogo. Kila mmoja wetu mwenye darasa, baraza au hata meza ya kulia na wanawe, achukue masomo sita. Asianze kwa kuwahutubia vijana. Aanze kwa kuwaonyesha kitu alichokiamini yeye, na vipi alidanganyika.

Mpwa wangu sasa ana miaka 19. Huja kunisaidia darasani baadhi ya Jumamosi, na haoni haya kuwaeleza wenzake habari ya lile bakuli. Nikimpelekea chochote kwenye simu, kiwe khabari ya siasa au hata tangazo la harusi, hunijibu kwanza kwa maneno yale yale: "Shikamoo mjomba. Hii umeipata kwa nani?"

Namjibu kila mara. Na mara mbili mwaka huu nimeona sina jawabu, nikaifuta.

Wasalaam.